Ingata Kumi na Tisa Ndani ya Mashine

Jumatatu, 13 Septemba 1999

Leo nimetimiza miaka miwili na miezi mitano tangu nitoke Karagwe. Niliondoka Jumapili baada ya misa, nikamwambia mke wangu Joanita kwamba nitarudi baada ya mavuno ya maharage. Sikusema ya mwaka gani.

Barua imefika kutoka kwake, imeletwa na dereva wa lori la viazi. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimeketi juu ya gunia la vitunguu. Machozi yamenitoka. Ya vitunguu.

Pasaka nilimwandikia kwamba sasa mimi ni karani wa kompyuta katika depo kubwa hapa Gisenyi, Rwanda, nina meza na kiti kinachozunguka. Niliandika siku ambayo mgongo uliniuma, na maumivu humfanya mtu aseme mengi. Sasa Joanita anasema ndugu zake hawaamini. Kaka yake Theonest anapita hapa Jumamosi akienda Goma kutafuta vipuri vya mashine ya kukoboa kahawa, na atanitembelea ofisini. Akinikuta karani, Joanita atanisubiri hata miaka kumi. Akinikuta nabeba magunia, baba yao ameshatoa ruhusa: Joanita anarudi kwao, yeye na watoto na ile baiskeli.

Baiskeli! Niliinunua mimi!

Ukweli, ambao utabaki ndani ya daftari hili: mimi ni mbebaji. Wa tatu kwenye mstari, siku nikiamka mapema. Kompyuta nimeigusa mara moja. Ilikuwa ndani ya boksi, na boksi lilikuwa kichwani kwangu.

Lakini Mungu hajalala. Mchana Mama Verediane, mwenye depo, ametukusanya. Amesema magunia yanahesabiwa vibaya yakipakiwa, na wateja wa Goma wanambishia kila wiki. Donc, kwa hiyo, amenunua kompyuta ya kiganjani, inafunguka kama kasha la miwani. Bwana Kalisa, fundi wa mambo hayo aliyerudi kutoka Kampala, ameitengenezea programu ya kuhesabu magunia. Anatakiwa mtu wa kuishika kwa majaribio. Atakayefika Jumamosi bila kupoteza hesabu ndiye karani moja kwa moja.

Jumamosi!

Mikono miwili imenyooka. Wangu na wa Habumugisha. Huyu Habumugisha ni wa kwanza kwenye mstari kila siku, kifua kama mlango wa kanisa. Amesoma sekondari miaka miwili, kwa Kifaransa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la Tanzania, na maneno ya programu ni ya Kiingereza. Kalisa akauliza nani anajua maana ya "save". Habumugisha akatazama juu kana kwamba jibu liko darini. Mimi nikasema ni kuokoa, kama Bwana Yesu alivyotuokoa. Kalisa akacheka, akasema inatosha. Mama Verediane ni Mlokole. Hakucheka. Alifumba macho, akasema amina.

Nimeshinda kwa neno moja. Habumugisha amenipigia saluti: "Mutanzania, we ni chef sasa. Usitusahau sisi watu ya chini." Chef ni mkubwa wa kazi kwa Kifaransa chao. Wivu mtupu.


Jumanne, 14 Septemba

Mashine iko mikononi mwangu! Nimeifuta kwa shati mara nne.

Asubuhi nimeondoa ukutani ingata yangu, kata ya kubebea mzigo kichwani, mbele ya wote, nikaitupa juu ya paa. Karani habebi.

Kalisa amenifundisha mpaka saa sita, sote wawili juu ya magunia ya viazi. Anasema mbio, na kila jambo analianza kwa "banange". Nimeandika niliyoyakamata.

Kwanza: mashine ni chumba kimoja tu, kama depo yetu. Hesabu zinawekwa humo, na programu zinazofanya kazi zinasimama humo humo. Chumba hicho kinaitwa kumbukumbu, na ni kidogo. Wabebaji wakijazana ndani, magunia yatawekwa wapi?

Pili: ukiiacha programu ukafungua nyingine, ile ya kwanza haijaenda nyumbani. Imehamia uani. Huioni kwenye kioo, lakini ipo, inakula nafasi na inakula betri. Kengele iko uani. Saa iko uani. Ukimaliza kazi na mtu wa uani, sharti umwambie waziwazi aende zake.

Tatu: yuko mmoja wa uani asiyeguswa. Kila baada ya dakika tano anaamka, anaandika hesabu zote kwenye kadi ndogo kama stempu iliyochomekwa ubavuni, kisha analala. Huyo ndiye mwokozi wa hesabu. Aachwe.

Nne: kuna betri mbili kubwa, na moja ya akiba, ndogo kama kifungo cha shati. Usizitoe zote kwa pamoja. Ukizitoa, mashine inasahau kila kitu, hata siku ya leo.

Nimesema "yego", ndiyo, mara nne, moja kwa kila jambo. Lakini la pili limenikaa kooni kama mwiba wa sambaza, dagaa wa ziwa hili.

Nieleze kwa nini. Kila asubuhi sisi wabebaji tunapanga ingata zetu juu ya ukuta wa depo. Ingata yako ndiyo wewe. Nenda ukanywe uji kwa Mukashyaka pale getini, nenda ukaoge ziwani, ingata inakushikia nafasi. Lori likija, wa kwanza anachagua mzigo. Ila ukishaiondoa ukutani, umekwenda. Ukirudi unaanzia mkiani, hata kama ulifika kabla ya jogoo. Hata mwizi wa hapa haibi ingata ya mtu.

Sasa Kalisa ananiambia nimfukuze mtu aliyesimama uani kwa adabu, hajala, hajasema neno, anangoja zamu yake! Halafu kesho nikimhitaji? Atakuwa mkiani. Nitangoja afike mbele, na lori linapakiwa.

Kalisa ana elimu lakini hajawahi kubeba. Nimeamua. Katika utawala wangu hakuna atakayefukuzwa. Kila programu nitakayoifungua itaacha ingata yake ukutani.


Jumatano, 15 Septemba

Siku kubwa. Nimehesabu magunia themanini ya viazi, yote yamekaa sawa. Unabonyeza kitufe, namba inapanda. Mama Verediane amepita nyuma yangu, akaguna vizuri.

Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nimefungua na mambo mengine. Kikokotoo. Kalenda. Ramani ya dunia yenye saa za miji (Karagwe haimo, nitamwambia Kalisa). Kitabu cha majina, nimeandika jina langu. Kengele moja kwa kila mbebaji, ili nijue akikaa kunywa uji zaidi ya robo saa. Wabebaji kumi, kengele kumi. Ya kumi na moja ni ya Jumamosi, saa tatu na nusu: Theonest.

Na jambo la ajabu kuliko yote: mashine ina sikio! Unaongea, inashika sauti yako, inakurudishia. Nimeiambia: "Hii ni ofisi ya Bwana Rwechungura, ngoja kidogo." Theonest akifika, nitabonyeza chini ya meza. Nimerekodi mara nne kwa sababu tatu za kwanza Habumugisha alikohoa.

Hakuna niliyemfunga. Wote wako uani.

Jioni kabla ya kufunga, mashine ikafa mkononi. Betri! Kalisa alisema zitadumu wiki tatu. Nikaenda kwa Mukashyaka, nikamwomba aniazime betri za redio yake kwa shughuli ya ofisi. Akauliza ofisi gani. Nikasema ofisi yangu. Akacheka hadi mwiko ukamwangukia ndani ya uji. Hata hivyo amenipa. Ana moyo. Amesema nizirudishe kesho kabla ya matangazo ya vifo ya saa saba, kwa sababu anapenda kujua nani hatamrudishia sufuria.

Nikabadilisha betri mbili kubwa, ile ya kifungo sikuigusa. Mashine ikaamka na kila kitu chake. Nani anasema sijui kusikiliza?


Alhamisi, 16 Septemba

Mashine imechoka. Nabonyeza kitufe, inafikiri. Gunia linapita, bado inafikiri. Nabonyeza tena, inahesabu mawili. Nimelazimika kumwomba Habumugisha atembee polepole. Amesimama mlangoni na kilo mia kichwani, akaniuliza: "Mutanzania, kompyuta yako iko inabeba nini, mbona iko inatoka jasho kuliko mimi?" Kicheko hadi barabarani kwenye Grande Barrière, kizuizi cha mpakani.

Saa nne yakatokea maandishi mekundu: kumbukumbu imejaa.

Nikamtafuta Kalisa. Sikusema ni mashine yangu. Nikasema nina rafiki Karagwe mwenye mashine kama hii, na imemjia shida fulani. Kalisa akasema nimlete rafiki huyo. Nikasema yuko mbali. Akanyoosha mkono, nikampa mashine.

Kuna mahali unabonyeza, unaona orodha ya wote walio uani. Sikujua. Walikuwa kumi na tisa. Kalisa akashika kichwa. Banange! Akasema rafiki yangu wa Karagwe amemwajiri kila mpita njia. Ramani ya dunia inafanya nini uani, inatafuta nani? Akawafukuza mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yangu, wakabaki wawili tu: wa kuhesabu na mwokozi. Mashine ikawa nyepesi kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akanisihi, mkono begani: mzee, ukimaliza na mtu, mruhusu aende. Nikasema nitamwambia rafiki.

Alipoondoka tu nikawarudisha wote, nikawaomba radhi. Si kwa wema peke yake. Jumamosi nahitaji ile sauti, nahitaji zile kengele, nahitaji kioo chenye mambo mengi. Ofisi ya mtu mmoja anayehesabu magunia ni ofisi gani? Theonest si mjinga.

Maandishi mekundu yakarudi. Kwa hiyo mmoja sharti aende. Haki itendeke. Nikaifungua ile orodha, nikawapima kama nyapara.

Kengele zinafanya kazi, nazisikia. Saa inafanya kazi, naiona. Sauti inangoja Jumamosi. Ramani haimsumbui mtu. Lakini huyu mmoja! Anaamka kila dakika tano, anaandika kitu kwenye kadi, analala. Habebi. Hahesabu. Haonekani kwenye kioo hata siku moja. Nawajua watu wa namna hii, nimefanya nao kazi nchi mbili.

Nimemfukuza.

Kwisha. Nafasi imepatikana, maandishi mekundu hakuna. Najisikia kama mkurugenzi.

Betri za Mukashyaka sikurudisha. Matangazo ya vifo yamempita. Amenipigia kelele kutoka getini kwamba nikifa mimi hatajua, na hatakuja.


Ijumaa, 17 Septemba

Kazi kubwa ya wiki. Faradji, mfanyabiashara wa Goma, amenunua maharage, na leo tumelipakia lori lake. Mzee wa heshima, kofia nyeupe, kanzu isiyo na doa hata katikati ya vumbi la depo. Lori litavuka mpaka kesho, likifungwa turubai halihesabiwi tena. Kesho asubuhi Mama Verediane atasoma namba kwenye mashine, Faradji atakubali, watapeana mikono.

Nimesimama mlangoni na kubonyeza tangu saa mbili. Magunia mia mbili na kumi na mbili! Sikukosa hata moja. Nimeliona kila gunia kama naliona jina langu.

Habumugisha, wa ajabu, kila gunia likitoka, lake au la mwenzake, anachora alama ya makaa ukutani chini ya mstari wa ingata, nne wima na ya tano kuzikata. Nikamwambia enzi hizo zimepita. Akasema mkono umezoea, na tena ukuta hauombi betri. Nikaenda kumshtaki kwa Mama Verediane kwamba makaa yanachafua depo. Akasema kweli, Jumatatu ataleta chokaa. Ushindi.

Maandalizi ya kesho. Meza: ya Mukashyaka, nimemwahidi kwamba baada ya Jumamosi atapata betri mpya, sukari, na heshima. Koti: Niyigena, fundi cherehani wa jirani, ana koti la kijivu la bwana harusi atakayelifuata kesho alasiri. Ameniazima mpaka saa sita. Halifungi tumboni, lakini karani hukaa. Kiti kinachozunguka: pipa tupu la mafuta ya mawese, ukijisukuma kwa visigino linazunguka.

Kisha jambo gumu. Nimemwomba Habumugisha kesho aniite Chef mbele ya mgeni. Nikampa nafasi yangu kwenye mstari. Akasema yeye ni wa kwanza, ya tatu afanyie nini, na tena ingata yangu iko juu ya paa. Tukavutana. Mwisho nimemwahidi: wiki ijayo yote nitambebea magunia yake kumi ya kwanza kila siku, iwapo bado nitakuwa mbebaji. Jambo ambalo haliwezekani. Akakubali haraka sana. Maskini, hajui kupatana.


Jumamosi, 18 Septemba

Naandika nikiwa nyuma ya depo. Mwandiko umepinda. Si wa hofu, ni wa vitunguu. Nitaeleza kwa mpangilio.

Saa tatu nilikuwa mezani, koti mwilini, mashine mbele yangu imefunguliwa. Theonest akatokea getini, amenyoa, kalamu mbili mfukoni. Habumugisha akapita na gunia, akainama: "Bonjour, Chef." Akarudi mtupu: "Chef, tupumue?" Akapita tena: "Chef, nikohoe?" Alizidisha, lakini Theonest alikuwa ameshavua kofia. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema, na nayanukuu: "Shemeji, kumbe ni kweli." Nikazunguka kidogo kwenye pipa.

Nikaona Joanita akinisubiri. Nikaiona na baiskeli.

Hapo akaja Mama Verediane na Faradji. Mama akasema, bon, Mutanzania, tusomee maharage ya jana. Faradji akasema hakuna haraka, yeye anakumbuka ni mia moja na tisini. Mama Verediane akasema si kweli. Wote wawili wakanitazama. Na Theonest akanitazama, kwa fahari.

Nikabonyeza.

Mashine ikafikiri. Nikabonyeza tena. Saa ikagonga tatu na nusu, na kengele ya Theonest ikalia. Ikaziamsha nyingine, kumi na moja zote kwa mpigo, kama kuku walioona kicheche. Nikabonyeza kuzizima. Badala yake ikatoka sauti yangu: "Hii ni ofisi ya Bwana Rwechungura, ngoja kidogo." Halafu ya pili, yenye kikohozi cha Habumugisha. Halafu ya tatu. Kila mtu akangoja kidogo. Faradji, mtu wa adabu, aliijibu: "Haya, tunangoja."

Ramani ya dunia ikatokea. Ikaganda.

Kila nilichobonyeza kilikuwa kama kumbonyeza maiti. Nikafanya ambalo mwanaume yeyote angefanya. Nikaigeuza, nikatoa betri za Mukashyaka. Kengele zikaendelea kulia kidogo, labda ni masikio yangu. Nikatoa na ile ya kifungo.

Kimya kizuri sana.

Nikazirudisha zote. Mashine ikaamka, safi, nyepesi, kama haijawahi kutujua. Ikaniuliza niko nchi gani, na ikasema leo ni tarehe mosi Januari 1997. Tarehe hiyo hata mimi nilikuwa bado kwetu Karagwe. Hesabu: sifuri.

Mama Verediane akamwita Kalisa. Kalisa akaja mbio, akasema msihofu, kadi ipo, mwokozi alikuwa anaandika. Akachungulia kadi. Mwisho wake Alhamisi saa tano na dakika kumi. Akauliza, kwa upole wa kutisha, mwokozi alikwenda wapi. Nikasema nilimwachisha kazi kwa kuwa alikuwa habebi. Kalisa hakusema hata banange.

Mama Verediane ndiye aliyesema. Alikunja mikono kifuani: "Mutanzania. Umemufukuza Mwokozi, ukabakisha kengele kumi na moja?"

Faradji akasema basi ni mia moja na tisini. Hapo depo nzima ikaacha kazi, kwa sababu magunia ishirini na mawili hayarudi kutoka Goma kwa miguu yao. Habumugisha akatua mzigo. Akaenda ukutani, akaziondoa ingata kwa heshima, moja moja, akizipanga chini kwa zamu zilezile, akaonyesha makaa. Mafungu arobaini na mawili ya tano tano, na mbili za ziada. Faradji akayahesabu kwa kidole, mdomo ukichezacheza. Akakohoa. Akasema sasa anakumbuka vizuri, ni mia mbili na kumi na mbili. Uzee huu. Wakapeana mikono.

Chokaa haitaletwa Jumatatu. Mashine amepewa Habumugisha. Masharti ya Mama Verediane: makaa kwanza, kitufe baadaye, na Mwokozi asiguswe.

Niyigena akafika kuchukua koti kabla ya saa. Bwana harusi alikuwa amekuja mapema. Niyigena alinivua mwenyewe, mkono mmoja kisha wa pili, kama ndizi. Lori la vitunguu likaingia. Nikapanda juu ya paa kutafuta ingata yangu, nikaiweka ukutani. Mkiani. Wa kumi na moja. Nikabeba.

Na magunia kumi ya Habumugisha je? Amesema hayo yanaanza Jumatatu. Ahadi ni ahadi, Chef.

Theonest alisimama kivulini muda wote, kofia mkononi. Nilipopita na gunia la nne alisema neno moja tu: "Shemeji, kiti chako kinazunguka kweli." Akaenda kutafuta mahali pa kulala.

Kwisha mimi. Kwisha baiskeli.


Jumapili, 19 Septemba

Baada ya misa Theonest alinipeleka kwa Mukashyaka, akaninunulia uji na mandazi mawili. Mukashyaka ameshapata betri zake. Ametutangazia waliokufa wa wiki nzima, kwa majina.

Theonest akasema ana barua ya pili. Joanita alimwagiza: barua hii umpe ukishamwona kwa macho, hata ukute nini. Imeandikwa kwa penseli. Nainakili hapa ili isipotee.

"Baba Audax. Nilijua tangu Pasaka. Barua ya karani haifungwi kwa uzi wa gunia, wala hainuki vitunguu. Baba yangu hajatoa ruhusa yoyote, hajui hata kama Theonest amesafiri. Nilisema vile ili uogope urudi. Sikumbuki lini niliomba karani. Migomba imezeeka, mtu wa kunisaidia kuikata sina, na Audax ameshakuwa mrefu kuliko mlango, anagonga kichwa kila asubuhi. Rudi na Theonest akitoka Goma. Njoo hivyo hivyo. Wako, Joanita."

Niliisoma mara moja tu. Hakukuwa na gunia la vitunguu karibu. Theonest akatazama barabara, akasema uji huu una moshi mwingi.

Anavuka kesho asubuhi, anarudi Jumatano. Amesema lori lina nafasi ya mtu mmoja mbele, pembeni ya dereva.

Nimefikiri mchana kutwa, ukingoni mwa ziwa, daftari gotini. Mwanamke huyu ananipenda. Sasa nimelielewa kosa langu, na ni dogo kiasi cha kuchekesha.

Uzi!

Uzi wa gunia na harufu ya vitunguu, basi. Barua yenyewe ilikuwa nzuri, hata yeye hakuikosoa. Nimepita kwa Niyigena, amenipa kipande cha utepe wa bluu uliobaki kwenye gauni la bibi harusi. Sabuni ya harufu nitaikwangua juu ya karatasi. Theonest ataibeba barua mpya Jumatano, pamoja na salamu zangu kwa Audax na ushauri kwamba ainame.

Nimeandika kwamba mambo yamebadilika kidogo ofisini. Kwamba mashine kwa sasa anaishika mtu mwingine, chini ya uangalizi wangu. Hilo si uongo, namwona kila siku nikipita na gunia. Kwamba Kalisa anatengeneza nyingine, yenye chumba kikubwa mara mbili. Nilimuuliza leo wataingia watu wangapi uani. Aliharakisha mwendo, lakini mtu wa kisomo hufikiri akitembea. Ikija, itahitaji karani mwenye uzoefu. Nani mwingine hapa Gisenyi amewahi kuongoza kumi na tisa kwa mara moja?

Nafasi ile ya mbele ya lori nimemwambia Theonest aweke mzigo wake wa vipuri, visigongwe na barabara.

Leo nimeweka ingata tatu ukutani, tayari kwa kesho. Moja yangu. Moja ya kunishikia nafasi nikienda kubeba ya Habumugisha. Moja ya akiba.

Krismasi narudi nyumbani, Joanita, hilo nimeliandika kwa wino. Ila mashine ile ikichelewa, basi ni Pasaka. Pasaka haina shaka. Au baada ya mavuno ya maharage.